Kughairi kisanduku cha mazungumzo (makro)

Kughairi kisanduku cha mazungumzo ni kitendo cha mtumiaji wa lahajedwali kukifunga kisanduku kilichofunguliwa na makro bila kutoa jibu, kwa kubofya kitufe cha Ghairi au alama ya X, au kwa kubonyeza Esc. Makro haisimami yenyewe kwa sababu hiyo. Hupokea thamani fulani badala ya jibu na kuendelea na mstari unaofuata, hivyo ni kazi ya mwandishi wake kuitambua thamani hiyo.

Katika lugha ya VBA, iliyoingizwa katika Microsoft Excel mwaka 1993, thamani hiyo hutofautiana. MsgBox hurudisha namba 2. InputBox ya VBA hurudisha maandishi matupu, kama vile mtu amekubali bila kuandika kitu. Application.InputBox na Application.GetOpenFilename, ambazo ni za Excel yenyewe, hurudisha False, yaani "si kweli".

Kosa la sifuri

Chukua makro inayomwuliza mwalimu alama ya kila mwanafunzi kwa Application.InputBox na kuihifadhi katika kigeu cha namba. Wanafunzi watatu wamepata 60, 70 na 80. Karatasi ya wa nne haijasahihishwa, na mwalimu anaghairi. VBA huigeuza False kuwa 0 bila onyo lolote. Mwanafunzi anaandikiwa sifuri, na wastani unashuka kutoka 70 hadi 52.5.

Wengi hujikinga kwa kuandika `If alama = False Then Exit Sub`. Kinga hii nayo ina kasoro, kwa kuwa VBA huhesabu 0 kuwa sawa na False: mwanafunzi aliyepata sifuri halali huchukuliwa kana kwamba mwalimu ameghairi. Njia ya uhakika ni kupima aina ya jibu, si thamani yake:

`Dim alama As Variant`
`alama = Application.InputBox("Alama?", Type:=1)`
`If VarType(alama) = vbBoolean Then Exit Sub`

Kwa GetOpenFilename, jibu likihifadhiwa kama maandishi, Excel hutafuta faili liitwalo "False" na kushindwa. Hilo ni afadhali, maana kosa linaonekana.

Exit Sub nayo inahitaji uangalifu. Ikiwa makro ilizima ukokotoaji wa moja kwa moja kabla ya kufungua kisanduku, kisha ikatoka bila kuuwasha tena, fomula za mtumiaji hubaki na majibu ya zamani hata baada ya kubadilisha namba.