Choo cha Angani na Choo cha Kuba

Kiswahili kina adabu yake katika jambo ninaloliandika leo. Hatulitaji waziwazi, twasema mtu amekwenda haja, amekwenda kujisaidia, yuko msalani. Maneno hayo huitwa tafsida, nayo ni pambo la lugha. Lakini jambo linaloonewa haya huchelewa kutengenezwa, na historia ya vyoo inalithibitisha hilo. Nitaanzia mbali, angani, kisha nirejee kwetu Msumbiji.

Tarehe 5 Mei 1961 Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, alilala chali ndani ya chombo chake akingoja kurushwa. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika 15 tu, hivyo wahandisi hawakuona haja ya kumwekea mahali pa kukojolea. Walipiga hesabu ya kuruka, wakasahau hesabu ya kungoja. Saa nne zikapita na zaidi, naye amefungwa kitini. Akaomba ruhusa, na mwishowe akaruhusiwa kujikojolea ndani ya vazi lake.

Waliomfuata hawakupata nafuu kubwa. Wanaanga wa Apollo, wale waliofika mwezini kuanzia mwaka 1969, walijisaidia katika mfuko wa plastiki uliogandishwa mwilini kwa gundi. Angani vitu huelea. Hakuna uzito wa kuvuta kinyesi kishuke. Basi mtu alilazimika kukisukuma kwa kidole kupitia plastiki, kisha atie dawa ya kuua vijidudu na kuukanda mfuko kwa mikono ili dawa ienee. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika 45, mbele ya wenzake wawili, katika chumba kisicho na pazia. Mifuko mingine waliiacha huko huko mwezini, na ingalipo. Safari zilipokwisha, wanaanga walisema wazi kwamba mpango ule ulikuwa mbaya.

Baadaye wataalamu walibuni choo kinachovuta uchafu kwa mkondo wa hewa. Hata hivyo, katika vyombo vya Marekani vya miaka ya 1980 tundu la choo lilikuwa na upana wa sentimita 10 hivi, na wanaanga walijifunza kulenga wakiwa bado duniani, kwa kutazama picha ya kamera iliyowekwa chini ya kiti! Choo kilichozingatia vyema maumbile ya wanawake kilipelekwa katika kituo cha kimataifa cha angani mwaka 2020, miaka 37 baada ya Sally Ride, Mmarekani wa kwanza mwanamke, kuruka. Siku hizi mkojo wao husafishwa ukawa maji ya kunywa, na kinyesi hufungwa katika chombo cha mizigo ambacho huungua kinaporudi katika anga la dunia.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu kosa la wahandisi wale, la kumtengenezea mtu choo bila kumuuliza, lilitokea pia nchini mwetu katika zama zizo hizo. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza kampeni ya taifa ya kujenga vyoo, na vikundi vya uhamasishaji vikapita mitaani na vijijini kuwahimiza watu wachimbe. Nia ilikuwa njema. Watu walichimba kwa wingi na kwa haraka, lakini amri haikujua udongo. Penye mchanga mashimo yaliporomoka mvua iliponyesha. Penye miti haba hapakuwa na magogo ya kufunikia. Na magogo yaliyopatikana yalioza au kuliwa na mchwa. Mtu anayehofia kutumbukia shimoni usiku, au mama anayemhofia mtoto wake, hakitumii choo hicho, hata akiamriwa mara kumi. Hurudi kichakani.

Ndipo mwaka 1979 utafiti ukaanzishwa mjini Maputo, na swali likageuzwa. Badala ya kuuliza watu wangapi wamechimba, watafiti waliuliza watu wanataka nini na wanaweza kulipia nini. Jibu lilikuwa sakafu: imara, rahisi kuosha, isiyotisha. Msanifu majengo kutoka Sweden, Björn Brandberg, alibuni sakafu ya zege ya mviringo, yenye kipenyo cha mita 1.5, iliyoinuka kidogo katikati kama kuba. Hapa nataka mtue kidogo. Zege huvumilia sana kukandamizwa, lakini hupasuka upesi likivutwa. Kwa hiyo sakafu bapa huhitaji nondo za chuma. Kuba hugeuza uzito wa mtu ukawa mkandamizo unaoelekea kandoni, na nondo hazihitajiki tena. Waliojenga makuba ya Msikiti Mkuu wa Kilwa waliitumia kanuni hiyo karne nyingi kabla yetu.

Bila nondo bei ilishuka. Kwa kuwa ni ya mviringo, sakafu iliweza kuviringishwa kama gurudumu hadi nyumbani. Ilikuwa na mahali pa kukanyaga palipoinuliwa, na mfuniko uliobana tundu barabara, ili inzi na harufu visitoke. Kabla ya kuuzwa, watu walisimama juu yake kuijaribu mbele ya macho ya wanunuzi. Jaribio hilo lilishinda hotuba nyingi. Katikati ya miaka ya 1980 mradi ukawa programu ya taifa, wakati vita vikiwasukuma watu kutoka vijijini kwenda kubanana pembezoni mwa miji. Miji ndiyo iliyohudumiwa kwanza. Vijiji kama vyetu vya ukanda wa Rovuma vilingoja.

Kungoja huko kuna gharama, na jina lake ni kipindupindu, ugonjwa unaotoka katika kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji au chakula. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, ugonjwa ulizuka Pemba na Mecufi katika muda wa siku chache tu.

Hapo lugha nayo huingia. Kwa Kireno dawa ya kusafishia maji ni *cloro*, na ugonjwa ni *cólera*. Masikioni mwa mtu asiyekizoea Kireno, maneno hayo hukaribiana mno. Huko Nampula na Cabo Delgado wahudumu wa afya waliotia dawa visimani wamewahi kushambuliwa, wakishutumiwa kuleta maradhi. Mwanasosholojia Carlos Serra aliyachunguza matukio hayo na kuyaandikia kitabu. Wako wanaowaita wanakijiji wale wajinga. Mimi siwaiti hivyo. Mgeni anapofika na unga mweupe, asiulize lolote wala kueleza kwa lugha inayoeleweka, shaka ni jambo la kawaida.

Tarehe 7 Aprili 2024 chombo cha uvuvi kilichojaa kupita kiasi kilitoka Lunga, mkoani Nampula, kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Maofisa walisema abiria walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Chombo kilizama. Zaidi ya watu 90 walikufa maji, wengi wao wakiwa watoto.