Wasomaji Watatu wa Sembène

Nafundisha historia Kabongo, katika nchi ya Waluba, na somo langu la kwanza kila mwaka huwa ni lukasa. Ni ubao wa kushika mkononi, uliopambwa kwa shanga. Mzee wa chama cha Mbudye alipitisha kidole juu ya shanga hizo huku akisimulia wafalme na safari zao. Msomaji mwingine, mbele ya watu wengine, aliweza kutoa masimulizi mengine kutoka ubao uleule, wala hakuitwa mwongo. Kwa elimu hiyo nimezitazama filamu tatu zilizotengenezwa juu ya mtu mmoja, Ousmane Sembène wa Senegal.

Mtu huyo anatuhusu. Alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, akafanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Marseille, na alikuwa tayari mwandishi wa riwaya alipozunguka Afrika mwanzoni mwa uhuru. Alisimulia kwamba hamu ya kutengeneza filamu ilimshika akiwa safarini kwenye Mto Kongo, mto unaopokea maji ya Lomami yetu. Alijua pia kwamba vitabu vyake vya Kifaransa havingewafikia wengi wa watu aliowaandika. Mwaka 1962 akaenda Moscow kusomea sinema, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, kisa cha mwendesha mkokoteni wa Dakar.

Msomaji wake wa kwanza ni Paulin Soumanou Vieyra, mzaliwa wa Porto-Novo. Vieyra alisomea sinema Paris wakati ambapo amri ya Laval ya mwaka 1934 iliweka upigaji filamu katika makoloni ya Ufaransa chini ya kibali cha serikali. Ndiyo maana yeye na wenzake walipiga Afrique-sur-Seine, mwaka 1955, hukohuko Paris. Baadaye alisimamia utayarishaji wa filamu za Sembène, na katika L'Envers du décor ya mwaka 1981 anatuonyesha jinsi mojawapo, Ceddo, ilivyopigwa. Hapa Sembène ni fundi kazini. Anayemtazama ni fundi mwenzake, anayejua jasho lililo nyuma ya kila picha.

Wasomaji wa pili ni wawili: Manthia Diawara wa Mali na Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, waliotoa filamu yao mwaka 1994. Ngũgĩ hakwenda kwa Sembène kama mgeni. Mwaka 1977, Sembène alipotoa Ceddo, ambayo serikali ya Senegal iliizuia, tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngũgĩ alishiriki kuiandika, ilipigwa marufuku Kenya, na mwaka ulipokuwa ukiisha akatiwa kizuizini. Sembène alikuwa ametengeneza Mandabi kwa Kiwolofu mwaka 1968. Ngũgĩ aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ akiwa kizuizini. Nguvu ya filamu hii ni kwamba mzee yuko hai: anajibu mwenyewe, na akitaka anaweza kumpinga anayemsimulia.

Katika Sembene! ya mwaka 2015 hawezi tena, kwani alifariki mwaka 2007. Samba Gadjigo, Msenegali na mwandishi wa maisha yake, pamoja na Jason Silverman, wanatuingiza katika nyumba yake ya Yoff na kutuonyesha makopo ya filamu yakiliwa na kutu. Hawafichi ugumu wake kwa jamaa na wenzake. Wanatuonyesha pia namna alivyotengeneza Moolaadé, filamu ya mwaka 2004 dhidi ya ukeketaji, akiwa na umri wa miaka 80 hivi na macho yakimwishia.

Filamu ya tatu ndiyo inayoniliza. Hata hivyo, wanafunzi wangu nawaanzishia ile ya Vieyra. Zamani za Wabelgiji, wamisionari walitutengenezea filamu za polepole na nyepesi, wakidai kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata zaidi. Kijana wa Kabongo anayemwona Sembène akipanga waigizaji na kuelekeza kamera amepata jibu la dharau hiyo bila mimi kuhubiri. Pia anajifunza kwamba sinema ni kazi, na kazi hujifunzwa.

Leo tuna Dieudo Hamadi wa Kisangani. Mwaka 2020 alitoa filamu ya walemavu wa Vita vya Siku Sita vya mjini humo, wanaoshuka Mto Kongo kwa mashua hadi Kinshasa kudai fidia. Nataka Mkongo mwenzake aelekeze kamera kwake sasa, angali kazini, aonyeshe anavyochagua na anavyokosea. Maombolezo yatapata watengenezaji wake siku ikifika. Filamu ya mtu akiwa kazini haiwezi kutengenezwa akishazikwa, na katika hizi tatu ndiyo iliyowafaa zaidi wanafunzi wangu.