Cherry Kearton na Suala la Ukweli katika Filamu Bubu

Mwaka 1909 Mwingereza Cherry Kearton alimpiga Theodore Roosevelt picha za sinema katika eneo lililokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Kabla filamu yake haijaonyeshwa mwaka 1910, William Selig alikwisha kuuigiza uwindaji huo studioni Chicago, kwa mwigizaji na simba aliyeuawa mbele ya kamera. Uzushi huo ulivuta watazamaji wengi. Hata hivyo, ukweli wa Kearton nao ulikuwa na mipaka: kamera yake iliwaandama wanyama wa bara na mgeni mashuhuri. Lamu, jirani ya Ras Kitau, yenye karne za maandishi, haikuwamo katika masimulizi hayo. Mhakiki hana budi kuuliza ni nani aliyepewa nafasi ya kuwa mhusika.