Fremu Nyekundu

Kwa Kiitaliano huitwa telaio rosso, yaani fremu nyekundu. Ndilo jina walilopewa V7 Sport za mwanzo kabisa, pikipiki zilizotoka mwaka 1971 katika kiwanda cha Moto Guzzi, Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como. Pikipiki nyingi husifiwa kwa injini au kwa umbo la tangi. Hii ilisifiwa kwa mifupa yake.

Mimi nilijifunza kuchomelea vyuma kabla sijajifunza kuandika insha. Ndiyo maana nikiiona pikipiki, macho huanzia kwenye maungio. Fremu ina kazi moja kubwa: kushika shingo ya usukani mbele na egemeo la gurudumu nyuma, visipishane. Dereva akikaba breki au akilala kwenye kona, kila kitu huvutwa na kupindwa. Fremu ikilegea, gurudumu la nyuma linashika njia yake na pikipiki inayumba.

Mhandisi Lino Tonti alitaka V7 Sport iwe chini, nyembamba na imara. Kikwazo kilikuwa dainamo. Katika Guzzi za V7 zilizotangulia ilikaa juu ya injini, katikati ya silinda mbili zilizotanuka kama herufi V, na fremu ikalazimika kupita juu yake. Tonti aliiondoa, akaweka alteneta mbele, kwenye ncha ya kranki. Nafasi ikafunguka. Mabomba yakashuka kati ya silinda, yakanyooka kutoka shingoni hadi nyuma. Ya chini aliyafunga kwa bolti ili fundi aweze kutoa injini. Uzuri wa mstari ule ulipatikana kwa kuondoa kilichouzuia, na Guzzi waliendelea kuutumia kwa miongo kadhaa.

Huko Rimini, Massimo Tamburini alikuwa mmoja wa washirika watatu katika biashara ya mabomba ya kupasha nyumba joto na kupitisha hewa. Alianguka na Honda CB750 katika uwanja wa mashindano wa Misano, akavunjika mbavu. Injini ile ya Honda ilikuwa na nguvu kuliko fremu iliyoibeba. Alipopata nafuu aliitengenezea fremu yake mwenyewe, na mwaka 1973 ikazaliwa HB1, Honda na Bimota. Bimota ni vipande vya majina ya Bianchi, Morri na Tamburini. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilinunua injini za wengine na kuuza kile walichokosa: mifupa.

Ducati, kule Bologna, walifika kwenye pembetatu. Ukiunganisha vyuma vinne kuwa mraba, ukausukuma pembeni, unalala. Vyuma vitatu vikiwa pembetatu havilali mpaka kimoja kipinde au kikatike. Fabio Taglioni aliitumia kanuni hiyo katika Pantah ya mwaka 1979: mabomba mafupi, yaliyonyooka, yamepangwa pembetatu juu ya injini, na injini yenyewe ikining'inia chini yake na kubeba sehemu ya mzigo. Katika Monster, iliyoonyeshwa mwaka 1992, Miguel Galluzzi hakuifunika fremu kwa plastiki, akaiacha nje kila mtu aione. Mwaka 1994 ikaingia barabarani 916 ya Tamburini, ambayo gurudumu lake la nyuma hushikwa na mkono mmoja tu. Ukisimama upande wa kulia unaliona lote, halina kizuizi. Mwaka huohuo Carl Fogarty akaitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike.

Fremu ya mabomba ilimpa Casey Stoner ubingwa wa MotoGP mwaka 2007. Miaka miwili baadaye Ducati waliiacha katika mashindano hayo, wakajaribu nyuzi za kaboni, kisha alumini. Panigale 1199 ya mwaka 2012 ikaja na boksi la alumini juu ya injini, linalobeba mzigo na kuhifadhi hewa ya injini kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 hata Monster ikavuliwa mabomba yake. Fremu yake mpya ya alumini ina uzito wa kilo 3, pungufu kwa kilo 4.5 kuliko ya zamani.

Siwezi kubishana na kilo 4.5. Wahandisi wale wanafanya alichofanya Tonti: wanaondoa kisichohitajika. Lakini safari hii kilichoondoka ni pamoja na alama ya mkono wa fundi, ile mishono ya moto inayoonyesha mtu alianzia wapi na akamalizia wapi. Na kimeondoka kitu ambacho mimi hukithamini zaidi: fremu ya mabomba ilisomeka. Mtu asiyejua hesabu aliweza kufuata kwa kidole njia ya nguvu, kutoka usukani hadi gurudumu la nyuma, na kuelewa kwa nini bomba hili liko hapa na si pale. Pembetatu niliwahi kuchorewa ubaoni darasani, nikaikariri. Niliielewa nilipotazama picha ya Pantah iliyovuliwa tangi. Boksi la alumini ni imara na jepesi, ila limefunga mdomo. Kijana anayeanza kushika vyuma leo atahitaji mtu wa kumweleza linavyofanya kazi.