Mguu Mmoja Juu ya Barafu ya Nagano

Ukishika kiatu cha kutelezea kwenye barafu, kitakachokushangaza kwanza ni wembamba wa kile chuma cha chini. Unene wake ni kama milimita nne tu. Katikati kimechimbwa mfereji mdogo, hivyo kina makali mawili, la ndani na la nje, na mbele kabisa kuna meno ya kukita barafuni. Mchezaji huruka, huzunguka hewani mara tatu, kisha hushuka kwa mguu mmoja huku akienda kinyumenyume, mwili mzima ukibebwa na kali moja la chuma hicho. Katika mchezo huu, kanuni ya miruko ni kutua kwa mguu mmoja. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa alichofanya Surya Bonaly tarehe 20 Februari 1998.

Bonaly alizaliwa Nice, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1973. Akiwa bado mchanga alichukuliwa na Suzanne na Georges Bonaly wakamlea kama mtoto wao. Suzanne alikuwa mwalimu wa michezo, na binti alijifunza kupiga sarakasi za jimnastiki kabla barafu haijamteka. Alipoanza kung'ara, magazeti yalilishwa kisa kitamu, eti mtoto huyu aliokotwa kisiwani Réunion, kwenye ufuo wa minazi. Kilikuwa kisa cha kutunga. Kocha wake wa siku hizo, Didier Gailhaguet, alikuja kukiri kwamba alikibuni ili awavute waandishi. Kwa msomaji wa mwambao, anayejua kuwa chini ya minazi wanaishi watu wenye majina na koo zao, uongo ule unauma. Binti wa Nice alilazimika kufanywa mtu wa mbali ndipo aandikwe.

Ushindi wake haukuhitaji hekaya. Alitwaa ubingwa wa Ufaransa mara tisa mfululizo, kuanzia 1989 hadi 1997. Alikuwa bingwa wa Ulaya kwa miaka mitano bila kukatizwa, 1991 hadi 1995. Michezo ya Olimpiki ya 1992 ilipofanyika nyumbani, huko Albertville, yeye ndiye aliyesimama kula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote. Alikuwa na miaka 18. Katika michezo hiyohiyo alijaribu mruko wa mizunguko minne, jambo ambalo wanawake wa wakati ule hawakuthubutu, ingawa mzunguko wa mwisho haukukamilika hewani.

Tena huko Albertville, wakati wa mazoezi, alipiga samasoti ya nyuma karibu na Midori Ito wa Japani. Wakubwa wa mchezo walimwonya asirudie.

Samasoti hiyo ilikuwa na historia yake. Mmarekani Terry Kubicka aliipiga mbele ya majaji kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1976, na mwaka huohuo ikapigwa marufuku. Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza ni hatari, maana kwa nukta moja kichwa kinaelekea kwenye barafu ngumu kama saruji. Ya pili ni kwamba anayeipiga kwa kawaida hutua kwa miguu miwili, kinyume na kanuni ya miruko. Ikabaki ya maonyesho tu, pale watu wanapokata tiketi na majaji hawapo. Scott Hamilton, bingwa wa Olimpiki wa 1984, aliifanya kuwa alama yake huko.

Majaji wenyewe walifanyaje kazi? Enzi hizo kila mmoja alitoa alama mbili, kikomo kikiwa 6.0. Moja ilikuwa ya ufundi, nyingine ya uwasilishaji. Ufundi unaweza kuuhesabu kwa miruko, mizunguko na kuanguka. Uwasilishaji unakaa ndani ya jicho la anayetazama, na kwa Bonaly jicho hilo lilikuwa gumu. Wakosoaji walimwita mwenye nguvu, wakamwita mwanasarakasi, wakasema hana wororo wa mcheza baleti. Kasoro nyingine walizotaja zilikuwa za kweli. Mizunguko yake wakati mwingine ilipungua kidogo kabla ya kutua, na mtelezo wake kati ya mruko na mruko haukuwa mrefu kama wa wenzake. Hata hivyo, msamiati ule wa nguvu na misuli aliobandikwa binti mweusi katika ukumbi uliojaa weupe haukuanza naye. Mtelezaji mweusi Mabel Fairbanks, katika New York ya miaka ya 1930, alikataliwa mlangoni pa kiwanja cha barafu kwa rangi yake. Ilimbidi aje kuwa mwalimu California, akiwainua wengine wafike ambako yeye hakuruhusiwa. Hadi Debi Thomas, naye mweusi, anatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1986, nusu karne ilikuwa imepita.

Machi 1994, mashindano ya dunia yalifanyika Chiba, Japani. Wiki chache kabla, kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Bonaly alikuwa wa nne. Sasa wote watatu waliomtangulia hawakuwepo, na dhahabu ilionekana kumsubiri. Mpinzani alikuwa Yuka Sato, mwenyeji. Majaji tisa wakagawanyika, watano kwa Sato, wanne kwa Bonaly. Jaji mmoja tu.

Wakati wa kugawa medali Bonaly hakupanda jukwaani. Alisimama sakafuni kando yake, machozi yakimtoka, mpaka akasihiwa apande. Alipovishwa medali ya fedha aliivua. Watazamaji wakazomea. Picha hiyo ilimfuata kwa miaka, na wengi waliisoma kama utovu wa adabu. Lakini hiyo ilikuwa fedha yake ya pili ya dunia mfululizo, na mwaka uliofuata, Birmingham, alipata ya tatu, nyuma ya Chen Lu wa China. Miaka mitatu akishika nafasi ya pili.

Kisha mwili ukamgeuka. Mwaka 1996 kano kubwa ya kisigino ilikatika, na mrukaji bila kano hiyo ni kama upinde bila uzi. Alirudi, ila miruko haikurudi yote. Alifika kwenye Olimpiki ya Nagano, mwaka 1998, akiwa na miaka 24, na baada ya sehemu ya kwanza alikuwa wa sita. Katika sehemu ya pili, muziki wa Vivaldi ukipiga, mambo hayakumwendea sawa na medali ikatoweka. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye amesimulia kwamba ni pale, katikati ya mchezo, alipoamua kuwaachia watazamaji kitu chake mwenyewe.

Aliteleza kinyumenyume, akakunja magoti, akajirusha. Miguu ikapita juu ya kichwa. Aliposhuka, chuma kimoja tu kiligusa barafu, na akaendelea kuteleza juu yake. Kabla yake, hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwenye Olimpiki. Alijua watampunguzia alama, na walimpunguzia. Lakini alikuwa ameishika ile hoja ya pili ya marufuku ya 1976 na kuijibu kwa lugha ya mchezo wenyewe. Mlitaka mguu mmoja, basi huu hapa. Muziki ulipokwisha, aliwapa majaji mgongo na kuwainamia watazamaji. Alimaliza wa kumi, na hakushindana tena kwenye Olimpiki. Alihamia kwenye maonyesho Marekani, akachukua uraia wa huko mwaka 2004, akawa kocha, na kwa miaka mingi makazi yake yakawa Las Vegas.

Januari 2024, huko Kaunas, Lithuania, Mfaransa mwingine, Adam Siao Him Fa, alipiga samasoti ya nyuma akitetea ubingwa wake wa Ulaya. Wazazi wake walitoka Morisi, jirani wa kile kisiwa cha Réunion alichosingiziwa Bonaly. Alikatwa pointi mbili, na bado akashinda. Miezi mitano baadaye, mkutano mkuu wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo uliifuta marufuku iliyodumu miaka 48. Wajumbe walikutana Las Vegas.