Saa Sita Mchana, Mzaha Umeisha

Wasee, leo nina stori ndefu kidogo, na inaanza na mimi nikiwa kwa makosa. Tulieni.

Mwaka jana mpwa wangu alikuwa anatimiza miaka sita. Nikatega simu pale juu ya kabati, nikamwita sebuleni, nikamwambia panya waliingia usiku wakala keki yake yote. Uongo mtupu, keki ilikuwa imefichwa kwa jirani. Mtoto alilia mpaka akakosa pumzi. Mimi huyo nacheka. Nikaposti. Kwa siku mbili ile klipu ilikuwa imetazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza. Nikajiona nimefika.

Halafu shule zikafunguliwa. Kuna mtoto darasani kwake alikuwa ameiona kwa simu ya mamake. Tangu hiyo siku mpwa wangu anaitwa Panya. Dada yangu hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Wewe ulicheka siku moja. Yeye anachekwa kila siku."

Niliifuta, lakini mnajua vile klipu hukaa kwa simu za watu.

Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nilichokuwa nikisomea ni historia. Ile tabia haijaisha. Kitu kikiniuma naenda kukisoma kilianzia wapi. Na hapa kulikuwa na kitu kilinisumbua kichwani: tukiwa shule ya msingi, mzaha ulikuwa na sheria. Aprili mosi, Siku ya Wajinga, ulikuwa unaambiwa "kamba ya kiatu imefunguka," unainama, kumbe umevaa kandambili. Unaambiwa mwalimu wa zamu anakuita, unakimbia hadi ofisini, unamkuta na chai yake na hana habari na wewe. Lakini saa sita ikipita, ukijaribu tena, darasa zima linakugeukia: mjinga ni wewe! Hakuna mwalimu aliyetufundisha hiyo. Nani alituletea?

Kuna maelezo moja mtapata kila mahali: eti mfalme wa Ufaransa, Charles wa Tisa, alitoa amri mwaka wa 1564 kwamba mwaka uanze Januari mosi, na waliochelewa kupata habari wakaendelea kusherehekea mwezi wa nne wakachekwa. Stori tamu, lakini ina shida. Mshairi wa mji wa Bruges, Eduard de Dene, alikuwa ameshaandika mwaka wa 1561 kuhusu bwana mmoja aliyemtuma mtumishi wake huku na kule Aprili mosi kwa kazi zisizo na maana, na mtumishi mwenyewe anaanza kushuku kwamba anachezewa shere. Miaka mitatu kabla ya amri ya mfalme! Kwa hivyo mzaha ni mzee kuliko hayo maelezo.

Huo mzaha wa kumtuma mtu bure ndio ulisambaa. Tarehe 2 Aprili 1698, gazeti moja la London liliripoti kwamba jana yake watu walitumwa Tower of London kwenda kutazama simba wakioshwa. Simba walikuwepo kweli, wafalme walikuwa wanafuga wanyama pale. Kuoshwa ndiyo hakukuwa. Kule Scotland unapewa barua imefungwa umpelekee fulani. Fulani akifungua anakuta imeandikwa amtume huyu mjinga mbele zaidi. Naye anakupa barua nyingine. Unatembea kijiji kizima ukibeba ujinga wako mkononi. Ufaransa nao, watoto wanabandika samaki wa karatasi mgongoni mwa mtu, anazunguka nao mpaka aambiwe.

Angalieni hiyo mizaha yote. Hakuna aliyeambiwa mamake amekufa. Hakuna aliyenyang'anywa kitu anachokipenda. Ulichopoteza ni dakika zako na heshima kidogo, na kesho yake unamfanyia mwingine.

Na ile saa sita? Iko kitabuni. Mume na mke, Peter na Iona Opie, walikusanya michezo na misemo ya watoto wapatao 5,000 kutoka shule kama 70 za Uingereza, wakachapisha mwaka wa 1959. Waliikuta sheria ile ile: mzaha unakoma mchana, na anayechelewa ndiye mjinga. Manze, nilisoma hapo nikasimama. Watoto wa Uingereza wa miaka ya hamsini na sisi wa Nakuru, sheria moja, na watu wazima hawajaiandika popote kwa ubao.

Lakini msidhani tulingoja Mwingereza atufundishe kutania. Nyumbani kwetu nyanya alikuwa ananiita "mume wangu" na mimi namwambia nimepata mke mwenye meno. Babangu singethubutu. Hiyo iko katika jamii nyingi za Afrika, mpaka msomi Radcliffe-Brown akaandika makala kuihusu mwaka wa 1940: babu na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana, na anayetaniwa hafai kukasirika. Utani wenyewe una mipaka. Kila mtu anajua nani anamtania nani, na kila mmoja ana nafasi ya kurudisha.

Ama chukua Abunuwasi. Mtu mwenyewe aliishi, alikuwa mshairi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid, akafa karibu mwaka wa 814. Hadithi zake zilipofika pwani yetu alishakuwa mjanja wa kuchezea sultani. Na Sungura je? Anamchezea Simba, anamchezea Fisi, anamchezea Ndovu. Mdogo ndiye anamzunguka mkubwa. Ndiyo maana watoto wanazipenda, juu siku nzima wao ndio wanaamrishwa.

Hapo ndipo niliona mahali tuliharibu. Tarehe 1 Aprili 1957, BBC ilionyesha filamu fupi ya familia ya Uswisi ikivuna tambi kutoka kwenye miti. Watu waliamini, wengine wakapiga simu kuuliza watapandaje mti wa tambi. Ilikuwa usiku, saa sita imepita kitambo, lakini angalau aliyedanganyika alibaki kwake, sura yake haikuonekana popote. Songa mpaka 2011. Jimmy Kimmel, mtangazaji wa Marekani, akawaomba wazazi wawaambie watoto kwamba wamekula peremende zao zote za Halloween, wawarekodi, waweke YouTube. Sasa mchezo umegeuka. Mkubwa anamchezea mdogo, na machozi ndiyo kontenti. Kufikia 2017, huko Maryland, wazazi wenye chaneli ya DaddyOFive walifikishwa mahakamani kwa kosa la kutowatunza watoto wao ipasavyo, mambo waliyokuwa wakiita pranki. Walipewa kifungo cha nje cha miaka mitano.

Mtasema keki si kesi ya mahakama. Sawa. Lakini mimi nilikuwa mkubwa, nikamchezea mdogo, na nikamnyima saa sita. Kwenye simu hakuna mchana. Mzaha wangu bado unaendelea hadi leo kwa uwanja wa shule ambao mimi siingii.

Kwa hivyo mkitaka kucheza na watoto, chezeni. Nyumba bila utani ni kama hoteli. Fungeni soksi zao mafundo. Geuzeni picha zote ukutani. Waambieni ng'ombe wa maziwa ya chokoleti ni wale wa kahawia. Lakini wafunueni mapema, na muwape nafasi ya kulipiza.

Aprili mosi mwaka huu nililala kwa dada. Asubuhi mpwa wangu akaniletea chai mwenyewe, akasimama hapo mlangoni akinitazama sana. Nikapiga funda moja. Chumvi, buda! Chumvi vijiko vitatu! Nikatema mpaka kwa kochi. Yeye chini, anagaagaa kwa kicheko, dada naye jikoni amefunika mdomo na leso.

Nikaangalia saa: saa moja kasorobo. Halali kabisa. Simu ilikuwa mfukoni na nikaiacha huko.

Wewe ulichezewa shere gani ukiwa mdogo, na ulilipiza? Niambie hapo chini.