Mzungu Aliyeandika Sheria za Kokwet

Kiptere iko magharibi mwa mji wa Kericho, katika nchi ya Belgut, ardhi inapoteremka kuelekea Sondu. Historia ya Kericho iliyozoeleka huanzia kwenye mashamba makubwa. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwapa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita ekari 25,000 hivi walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 wakaingia James Finlay na Brooke Bond na chai yao. Yote hayo ni kweli, ila Kiptere haimo. Wakipsigis wa huku waliachiwa rizavu, na maisha yao hayakuandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni yoyote.

Aliyeyaandika ni Ian Orchardson. Baba yake, Sir William Quiller Orchardson, alikuwa mchoraji mwenye sifa kubwa Uingereza. Picha yake ya Napoleon akiwa mateka melini, ya mwaka 1880, inajulikana hadi leo. Mwana alikuja Kericho akiwa mlowezi, akaoa mwanamke wa Kikipsigis, akaishi na wakwe zake na kujifunza lugha yao. Ndiyo maana namthamini kuliko waandishi wengi wa zama zake: maofisa waliwaita watu hawa Lumbwa na kuwauliza maswali kupitia mkalimani, lakini yeye alisikiliza nyumbani kwake.

Kilichomvutia zaidi ni jinsi watu wasio na mfalme, polisi wala jela walivyotawaliwa na sheria. Kiini chake kilikuwa kokwet, yaani ujirani wa nyumba zilizo karibu, ukiongozwa na mzee aitwaye boyot ab kokwet. Mzee huyo hakutoa amri. Kesi ya ng'ombe au ya ugomvi ilizungumzwa hadharani mpaka watu wakubaliane fidia, na ile iliyowashinda ilipelekwa kwa kiruogindet, mwamuzi aliyeheshimiwa nje ya ujirani wake. Mkaidi alihofia laana ya wazee. Ng'ombe nao walitawanywa kwa marafiki wa mbali kwa utaratibu wa kimanagan, ili ugonjwa au uvamizi usimfilisi mtu kwa siku moja. Kwa hiyo kesi moja ya mifugo iliweza kugusa koo kadhaa.

Mwaka 1931 alichapisha makala katika jarida la Africa kuhusu Wakipsigis na Wazungu waliokuja kukaa kwao. Miaka michache baadaye aliandika juu ya mustakabali wa umiliki wa ardhi, na hapo ndipo kazi yake inapowagusa wakulima wa Kiptere moja kwa moja. Malisho na maji yalikuwa ya wote, na shamba lilikuwa la anayelilima. Plau na mahindi ya kuuza vilipoingia, watu walianza kuzungushia ua sehemu zao, na malisho ya wote yakamegeka. Mageuzi haya aliyashuhudia yakitokea, wakati ambapo serikali ilikuwa ikiwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, kwa nguvu hadi Gwassi, kuanzia mwaka 1934.

Muswada wake mkubwa, wa miaka ya 1929 hadi 1937, ulingoja muda mrefu. Kitabu cha The Kipsigis kilitoka Nairobi mwaka 1961, kikiwa kimefupishwa na kwa sehemu kuandikwa upya na A. T. Matson. Kwa hiyo anayekisoma anasikia sauti mbili, na kuzitenganisha si rahisi. Tena wote wawili walikuwa Wazungu, na wazee waliotoa maarifa hayo hawakupewa nafasi jaladani.

Hata hivyo maarifa hayo bado yana kazi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Kwa hiyo kitabu cha Orchardson kingetafsiriwa kwa Kikipsigis, wazee wa Belgut wangeweza kukipitia ukurasa kwa ukurasa, wakathibitisha palipo sahihi na kurekebisha pale mgeni alipoteleza, kabla ya wanaokumbuka kokwet ya wazazi wao kuisha.